Uzi Mwekundu wa Nyundo

TANGAZO. Kwa raia wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, wasomao na wasiosoma: kuanzia leo Jumanne, saa moja kamili asubuhi, Serikali imetangaza Wiki ya Maandalizi ya Mwaka Mpya wa Shule. Soksi zote zijisalimishe. Kalamu zilizojificha chini ya vitanda zitoke mikono juu. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali, bila huruma wala haya.

Tangazo hilo niliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye kipande cha kaki kilichobaki baada ya kufunika madaftari, nikalibandika mlangoni kwa uji. Saa moja na dakika mbili Mama alilibandua, akafutia mafuta ya cherehani, kisha akanizaba kofi la kisogoni kwa kuchezea uji.

"Serikali ni mimi," alisema. "Kaa chini umalizie madaftari ya mwenzio."

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza, na pigo la kwanza nililipata mimi. Naomba jambo hilo likumbukwe wakati wa hukumu.

Mama ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndiyo karakana yake. Wiki ya mwisho ya likizo huwa hatuna sebule. Sare za watoto wa watu zinaning'inia kila mahali, sketi kwenye kamba, mashati kwenye migongo ya viti, na sisi watoto wa fundi tunashonewa mwisho kabisa, wateja wakishatosheka. Katikati ya vurugu hiyo nyumba inasimama kwa kitu kimoja, nacho ni uzi. Kila mtoto ana rangi yake. Mama hushona alama ndogo ya kuzidisha ndani ya kola, kwenye pindo, kwenye pembe ya taulo, hadi kwenye kitambaa cha kung'arishia viatu. Nyundo, kaka yangu, ni mwekundu. Mimi ni kijani. Mdogo wetu Tone, anayeingia darasa la kwanza, ni njano. Mwaka huu iliongezeka buluu, kwa sababu mtoto wa shangazi yetu alihamia kwetu ili asome shule moja na Nyundo.

Mkigombania kitu, mnampelekea Mama. Haulizi nani alianza. Anageuza kola, anatazama uzi, anakirusha kwa mwenyewe na kurudi kukanyaga cherehani. Rufaa hakuna.

Mtoto wa shangazi tulimpa jina la Balozi siku aliyofika, maana alishuka na leso imekunjwa pembe nne kwenye mfuko wa shati, akampa Mama mkono na kusema, "Shikamoo, mkaza mjomba." Mama aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine anayesalimiwa. Ni mke wa mjomba wake kweli, lakini hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kila mtu mtaani anamwita Fundi au Mama. Leso ile alishonewa na shangazi kwa mkono, ina ua pembeni, na Balozi hakuwahi kuipengea kamasi hata siku aliyokuwa na mafua ya kutisha.

Nyundo sasa. Muhula uliopita alimvunja pua mwanafunzi mwenzake aliyemwagia maji godoro lake. Barua ya mkuu wa shule ilipigiliwa msumari ukutani juu ya cherehani, karibu na mkasi, ili tuisome sote tukipita. Ilisema Nyundo atapokelewa Jumatatu kuingia kidato cha nne endapo tu ataleta maandishi ya mzazi, yenye saini, kuthibitisha kwamba likizo nzima hakumpiga mtu. Bila hayo, nafasi yake anapewa mwingine. Na Mama hasaini uongo. Aliwahi kumrudishia mteja sare nzima kwa sababu kifungo kimoja alikishona akiwa amesinzia.

Baba, dereva wa lori la mawe, aliongeza kifungu chake mwenyewe. "Wakikukataa, kwa Baba Mdogo machimboni kuna nyundo inasubiri. Mtafanana majina."

Hakuna aliyecheka. Ukimtazama Nyundo utadhani shida yake duniani ni chakula tu, lakini alitaka kurudi shule mpaka inauma kumwona. Chini ya godoro alikuwa na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, zimechakaa kwa kufunuliwa. Nyuma ya mlango wa chumba cha wavulana, kila jioni aliyomaliza bila kumpiga mtu, alichora mstari mmoja kwa chaki ya Mama. Hasira zikimpanda, alitumbukiza ngumi zote mbili mifukoni, akazisukuma chini, akapumua kwa pua kama ng'ombe. Mama alikuwa ameshashona upya mifuko ile mara mbili. Jumanne hiyo mistari ilifika thelathini na minne.

Na mimi? Ninaitwa Mashoto, kwa sababu tangu utotoni kila kitu nakifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kula hadi kurusha mawe. Ninasoma shule ya bweni, kidato cha pili, ambako niliwahi kuhamisha viatu vyote vya mguu mmoja vya bweni zima hadi kwenye ndoo za jikoni, na matroni akatuhoji siku mbili asipate jibu. Nasema haya si kwa kujisifu. Nasema ili ieleweke kwamba mtu wa aina yangu, akimwona kaka yake anatembea na ngumi mifukoni siku thelathini na nne, anajisikia kama aliyewekewa ngoma mbele yake na kuambiwa asiiguse.

Mchana huo Mama alinikabidhi nguo za wavulana nizipige pasi. Mashati yalikuwa sita, yamekatwa kwenye jora moja, matatu ya kila mmoja. Tofauti ilikuwa mikono tu. Balozi ana mikono mifupi kwa upana wa vidole viwili. Nilichukua wembe na sindano. Nilifumua nyekundu nikashona buluu, nikafumua buluu nikashona nyekundu, kwenye mashati mawili ya kila mmoja, kisha sweta, kisha taulo. Kazi ya dakika arobaini. Nia yangu, naapa, ilikuwa kuona mifuko ikipasuka, basi.

Jumatano asubuhi Nyundo alitoka bafuni na kaptula yake akichuruzika maji, akamkuta Balozi anajifuta uso kwa taulo lenye doa la wino pembeni. Doa lile Nyundo alilijua kama anavyojua kovu lake.

"Hilo taulo langu."

"Samahani, kaka. Tazama uzi."

Nyundo alitazama. Buluu. Akatazama doa. Akatazama tena uzi, na ngumi zikaenda mifukoni.

"Doa hilo nilitia mimi. Kalamu ilinipasukia."

"Basi ulilitia kwenye taulo langu," Balozi alisema kwa upole kabisa, "lakini nimekusamehe."

Kusamehewa ndiko kulikomchoma. Teke lilitua kwenye ndoo, ndoo ikamkumba Balozi magotini, naye akaanguka kifudifudi kwenye sakafu yenye sabuni, kidevu kikigonga kizingiti ko! Tone, aliyekuwa anasukwa ukumbini na kupiga mayowe kama anachinjwa, alinyamaza ghafla ili asikie vizuri.

Mama alikuja na rula ya mita mkononi na kitana kimekwama kwenye nywele zake mwenyewe. Aligeuza pembe ya taulo. "La Balozi. Na wewe Nyundo, umempiga?"

"Nimepiga ndoo, Mama."

Mama alifikiri. "Ndoo si mtu," alisema hatimaye, akaitazama barua ukutani. "Lakini niliisikia ikilia."

Nilicheka. Rula ikanipata kwenye mashavu ya miguu, mara mbili, na alama zake zilikaa hadi jioni. Jioni Nyundo alichora mstari wa thelathini na tano, mfupi kuliko mingine, kama mtu asiye na uhakika.

Alhamisi walijaribisha sare. Nyundo alivaa shati lenye uzi mwekundu na mikono ikaishia juu ya vifundo, kama mtoto aliyekua ghafla. Balozi alivaa lenye uzi wa buluu na mikono ikamfunika vidole. Walitazamana.

"Umeanza kuchukua taulo," Nyundo alisema, "sasa mashati."

"Mimi sichukui cha mtu. Nyumbani kwetu hatukufundishwa hivyo."

"Na kwetu tumefundishwa?"

"Sijasema hivyo. Ila naona."

Mama aliitwa. Alikuwa na pini sita mdomoni na mteja amesimama juu ya kigoda. Aligeuza kola mbili, akaona rangi, halafu akashika mkono wa shati la Nyundo na kuuvuta, akaupima kwa shibiri. Alitoa pini moja moja mdomoni.

"Nilipima vibaya," alisema taratibu. "Miaka yote hii sijawahi kukosea mkono wa mtoto wangu. Nitashusha pindo. Uzi ni uzi, rudini."

Mteja juu ya kigoda alijitazama mikono yake mwenyewe kwa wasiwasi. Mama alirudi kwenye cherehani, na kwa muda mrefu hakuikanyaga. Hapo kitu kilinichoma kidogo chini ya mbavu. Nilidhani ni njaa, nikaenda kula mkate.

Nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya Mama, Balozi alimfuata Nyundo. Upole wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa amechomoa mkanda wa suruali na kuuviringisha mkononi, bizimu ikining'inia.

"Niite mwizi tena."

 Ngumi za Nyundo zilishuka mifukoni, na nikasikia uzi ukikatika, krr.

"Niite."

Mkanda uliruka. Bizimu ilimpata Nyundo begani, ikachana fulana na ngozi. Hakujitikisa. Pigo la pili lilimpata mgongoni. La tatu lilizunguka likamlamba shavu, chini kidogo ya jicho, na damu ikaanza kutiririka polepole kama mtu anayeshuka ngazi. Nyundo alisimama vilevile, mikono imezama hadi kwenye vifundo, midomo imebana, machozi yanamtoka bila sauti.  Balozi aliutupa mkanda, akakimbilia ndani.

Nilikuwa nimekaa juu ya pipa la maji. Niliona yote, kutoka mwanzo. Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu angeshuka kwenye pipa na kusema ukweli.

"Umeanguka?" Mama alimwuliza Nyundo alipoliona shavu.

"Kamba ya nguo, Mama. Imenichapa."

Mama aliikodolea macho kamba ya nguo, akampaka dawa. Kesho yake Nyundo alifikisha mistari thelathini na saba, na Balozi aliwekea sanduku lake la bati kufuli kubwa la shaba, akavaa ufunguo shingoni.

Sasa nieleze jambo ambalo sina utetezi wake. Ijumaa hiyo mchezo ulikuwa umeisha. Mtu alishachapwa, mwingine alishalia, Mama alishaanza kutilia shaka mikono yake. Lakini kufuli lile lilinikera. Ni kama liliwekwa kwa ajili yangu. Balozi alipokwenda kuoga aliacha ufunguo juu ya dirisha, na ndani ya dakika tano nilifungua sanduku, nikachukua leso ya shangazi, nikashona pembeni mwa ua alama moja nyekundu, ndogo, safi, nikaitia kwenye sanduku la Nyundo katikati ya soksi. Nilirudisha kufuli na ufunguo mahali pake. Nilijipongeza kwa kuusalimu ufunguo kijeshi.

Jumamosi ndiyo siku ya kukagua masanduku. Mama anakaa kwenye kigoda na orodha ya shule, anasoma, na kila mtu anainua kitu chake juu. Shuka mbili. Juu. Ndoo. Juu. Sabuni. Juu. Tone naye anainua begi lake kila mara, hata pasipo kuulizwa.

"Soksi jozi nne," Mama alisoma.

Nyundo alichota soksi zote kwa mkupuo mmoja, na leso ikaruka ikaanguka sakafuni, ua juu.

Balozi aliiokota. Aliona ua. Kisha aliona alama nyekundu iliyoshonwa juu ya kazi ya mama yake. Uso wake ulipauka. Kufuli lilikuwa mkononi mwake, maana alikuwa amelifungua kwa ajili ya ukaguzi.

"Mpaka hii," alisema. "Mpaka hii umeitia alama yako."

"Sijui imefikaje—"

Kufuli lilimpata Nyundo juu ya sikio. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa nzito, kama nazi inayowekwa mezani. Nyundo aliyumba, akashika ukingo wa sanduku, mifuniko ya bati ikagongana. Mama alishapiga kelele na kuinuka, orodha ikaruka. Kufuli lilirudi tena, mara hii kwenye taya. Nyundo alitumbukiza mikono mifukoni, lakini mifuko ilikuwa imeshatoboka tangu Alhamisi, na ngumi zikatokea upande wa pili hazina pa kushikilia.

Alipiga mara moja tu. Mkono wa kulia, kutoka chini. Balozi alinyanyuka kutoka sakafuni, akaangusha kamba ya sketi za wateja, akaangukia meza ya kukatia. Mkasi, chaki, vifungo, vyote vilimwagika. Alipoinua uso, mdomo ulikuwa bakuli la damu, na jino la mbele lilikuwa sakafuni karibu na viatu vipya vya Tone.

"Jino," Tone alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

 Mama alimsukumia Balozi pamba mdomoni, akamfunga Nyundo kichwa kwa kipande cha kitambaa cha sare, akaosha sakafu kwa maji ya ndoo mbili, na maji yakatoka mekundu mara zote mbili. Sketi tatu za wateja zilikuwa na madoa. Alipomaliza alipanda kigoda, akaing'oa barua ya mkuu wa shule ukutani, msumari na vyote, akaiweka mezani.

"Siwezi kuisaini," alisema. "Mwanangu, siwezi."

"Najua, Mama," Nyundo alisema.

Alienda chumbani. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Alifuta mistari yote thelathini na saba kwa kiganja, kutoka juu hadi chini, kisha akakaa kitandani na kiganja cheupe, akikitazama.

Usiku sikulala. Kila nikigeuka nilisikia nazi ikiwekwa mezani.

Jumapili saa tisa alasiri lori la Baba liliunguruma mbele ya nyumba. Baba alishaambiwa kwa simu. Hakuteremka. Nyundo alibeba mfuko mdogo wenye suruali mbili na fulana. Sanduku la bati lilibaki ukumbini, wazi, limepangwa kwa shule ambayo haendi.

"Mashoto," Mama aliniita. "Fumua nyekundu zote kwenye mashati yale. Atayavaa Balozi, nitapunguza mikono. Shati halina haja ya kukaa bure."

Nilikaa sakafuni na wembe. Mama alikaa kigodani karibu nami, akaloweka leso ya shangazi kwenye beseni ili kutoa damu ya Balozi. Alisugua pembe, akaiinua kwenye mwanga. Akaacha kusugua.

Alichukua shati moja mapajani mwangu. Akageuza kola. Akachukua la pili. La tatu, ambalo sikuwahi kuligusa, aliliangalia muda mrefu kuliko yote. Kisha aliondoka akarudi na sweta, na taulo la Balozi. Alivipanga vyote sakafuni mbele yangu, mstari mmoja, kama mtu anayetandaza karata.

"Mashoto. Chukua sindano. Nishonee alama moja hapa."

"Rangi gani, Mama?"

"Yoyote."

 Nilichukua sindano kwa mkono wa kulia. Sijawahi kushona kwa mkono wa kulia maishani. Nilijaribu kupitisha uzi, nikakosa, nikapitisha, nikachoma kitambaa, sindano ikatokea upande wa pili na kuzama kwenye kidole changu hadi mfupani. Damu iliangukia kitambaa. Mama hakunitazama kidole.

"Kwa mkono wako," alisema.

Nilihamisha sindano. Mkono wa kushoto ulishona alama ile kwa sekunde kumi, safi, kama ulivyozoea. Mama aliiweka karibu na alama ya shati la tatu, ambayo ilikuwa yake. Mguu wa juu wa alama yake, ule unaomkanyaga mwenzake, ulikuwa umeegemea kulia. Wa yangu ulikuwa umeegemea kushoto. Kwenye leso, kushoto. Kwenye sweta, kushoto. Kwenye taulo, kushoto, na kwenye mashati yote yaliyomfanya aamini kwamba amesahau urefu wa mkono wa mwanawe, kushoto, kushoto, kushoto.

Nilisubiri kofi. Niliona mkono wake ukiinuka. Uliteremka peke yake, ukashika ukingo wa kigoda.

"Nilidhani nimezeeka," alisema. "Jana usiku nilikaa nikapima mikono yangu mwenyewe, nikidhani nimezeeka."

Nje, Baba alitia gia.

"Nenda," Mama alisema. "Kabla hajaondoka. Na usilete maneno yako ya matangazo."

Nilikimbia bila viatu. Lori lilikuwa limeanza kusogea; niling'ang'ania kishikio cha mlango upande wa Nyundo, nikapanda ngazi ya chuma, goti likagonga, sikuhisi. Nyundo alinitazama kutoka chini ya kitambaa cha sare kilichofungwa kichwani. Jicho lake moja lilikuwa limeziba kabisa.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema tena," Baba alisema. "Injini inanguruma."

"Ni mimi."

Baba alizima injini. Mtaa mzima ulinyamaza, na kwa ukimya huo nililazimika kulisema mara ya tatu, lote, taulo, mashati, sweta, ufunguo dirishani, leso. Balozi alikuwa amesimama kizingitini na shavu lililovimba, anasikia. Tone alikuwa ameshika mkono wake.

Nyundo aliteremka. Alisimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliweza kunusa dawa aliyopakwa shavuni. Nilifumba macho nikasubiri, na kusema kweli nililitaka pigo lile, lingenipunguzia. Halikuja. Nilipofumbua, mikono yake ilikuwa mifukoni, na vidole vimetokeza chini kwenye matundu, vimekunjika.

"Sasa Nyundo anaanza tena mstari wa kwanza?" Tone aliuliza. 

Balozi alikuja akasimama karibu na Nyundo. Hawakutazamana. "Nilikupiga na kufuli," alisema kupitia pengo, na maneno yakatoka na upepo. "Hukuwa na kosa, nikakupiga na kufuli."

"Na jino," Nyundo alisema.

"Na jino, ndiyo."

Mama alitoka na barua ya mkuu wa shule, kalamu, na kigoda. Alinikalisha pale pale mbele ya nyumba, barua juu ya paja, upande wa nyuma ambao hauna maandishi. Alisema hatasaini kwamba Nyundo hakumpiga mtu, kwa kuwa alimpiga. Lakini atasaini lililotokea, kesho asubuhi atalipeleka mwenyewe hadi ofisini, na mimi nitasimama pembeni yake nikilisoma kwa sauti. Baada ya hapo mkuu ataamua.

Nilianza kuandika: *Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuwasilisha mbele ya ofisi yako tukufu.* Mama alinyang'anya kalamu, akakata mstari wote, akanirudishia.

"Andika kama mtu aliyekosa," alisema.

Kwa hiyo niliandika hivi, kwa mkono wa kushoto, wino ukipakaa kiganjani na kidole kikiacha damu pembeni mwa karatasi, na ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo:

*Mimi ni dada yake. Nilibadilisha alama za nguo zao ili wagombane, kwa sababu nilitaka kucheka. Kaka yangu alipiga mara moja. Kabla ya hapo alipigwa mara tano akiwa na mikono mifukoni, na zote tano nilizipanga mimi.*